Ndege ya Kibarani na Posa ya Mwanasha

Mwanangu, ziko siku nyingi za ujana wangu nilizozisahau, lakini moja haijanitoka kichwani hata sasa nilipokwisha kuwa nyanya wa watu. Ni siku niliyomkosesha Mwanasha posa yake, na Mwanasha hakuwa amenikosea kitu. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mjuaji, na nikijisifu kwamba nina jicho la kumtambua mwizi kabla hajaiba. Keti nikuhadithie, na usinihukumu mpaka nimalize.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuwatafutia watu wa filamu vitu vyao. Wakija kupiga picha Mji wa Kale, kwenye vichochoro vya nyuma ya Ngome ya Yesu, mimi ndiye niliyewaletea vitanda vya besera, taa za zamani, milango ya nakshi, hata mbuzi. Mwaka huo wakaja wageni wakataka ndege. Walitaka ile ndogo ya kitajiri, yenye viti vya ngozi, iliyokwisha kustaafu kuruka, ili waikate ubavu mmoja kamera ipate kuona ndani. Nikawaambia nitaipata, kwa kuwa sikuwahi kumwambia mtu kwamba kitu hakipatikani. Kisha nikarudi nyumbani nikalala chali nikijiuliza ndege hupatikana wapi.

Niliulizia uwanja wa ndege wiki nzima, hadi mpakiaji mizigo mmoja akaniambia, "Mtafute Fundi Bakari. Alikuwa fundi hapa miaka mingi. Akaa Tononoka, lakini ndege yake iko Kibarani."

"Yake?"

"Yake. Nenda kamuulize mwenyewe."

Hapo ndipo shaka iliponiingia. Mimi fundi wa cherehani namjua, ana cherehani. Fundi wa saa ana saa. Lakini fundi wa ndege apate wapi ndege?

Nilimkuta kwenye kiwanja kilichozungushiwa mabati, si mbali na pale palipokuwa jaa la taka. Alikuwa mtu wa Kwale, mrefu, ndevu zimeanza mvi, na mkimya kupita kiasi. Tukaamkiana kama inavyopasa, nyumbani hawajambo, wazee hawajambo, ndipo akalivuta turubai. Ilikuwa ndege kweli. Haikuwa na mabawa wala injini, imelazwa juu ya magogo, lakini ndani viti sita vya ngozi vilikuwa bado vinang'aa. Nilitaka kupiga kigelegele. Kisha nikaona namba za ubavuni zimepakwa rangi juu yake, na pale mlangoni kibati cha jina kimebanduliwa, yamebaki matundu ya skrubu tu.

"Fundi, namba zake ziko wapi?"

"Zimefutwa."

"Na huku nyuma mna nini?" Kwenye mkia palikuwa na kijimlango kilichofungwa kwa waya na kutiwa lakiri nyekundu.

"Hapo hapafunguliwi. Wala hamkati kitu mpaka mwenzangu aje kutoka Nairobi."

"Mwenzako nani? Aja kufanya nini?"

"Yuwaja," akasema, akalirudisha turubai.

Tangu hapo, mwanangu, kila alilolifanya Fundi Bakari nililiona kwa jicho hilo hilo. Aliponikataza nisipige picha mkia, nikasema anaficha. Aliponiruhusu siku ya pili, nikasema ameshahamisha. Siku moja nilimkuta amepiga magoti karibu na kile kijimlango, anakipapasa polepole kwa vidole, na aliposikia nyayo zangu akasimama haraka. Nikajiambia basi, yamekwisha, humo mna pembe za ndovu au unga wa kulevya, na mimi ndiye ninayetaka kuwaingiza wageni wa watu katika balaa.

Nyumbani kwake Tononoka, nilipokwenda kupatana bei, nilikuwa nikikaribishwa chai, na aliyeniletea ni binti yake, Mwanasha. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, mcheshi, sauti yake nyororo. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo siri zake alinipa mimi, mgeni. Alinivuta jikoni akanambia kwamba Nassir, kijana wa Mji wa Kale aliyesoma naye chuo cha ualimu, amewaomba watu wa kwao waje kuposa. Watakuja Ijumaa baada ya sala. Alikuwa ameshanunua seti ya vikombe vipya na kuvificha chini ya kitanda, maana aliona haya baba yake avione mapema. Nilicheka naye. Nilimpenda, na nikamsikitikia kwa kuwa na baba wa namna ile.

Sasa, wewe umekulia hapa, lakini nitakwambia hata hivyo. Kwetu Mji wa Kale hakuna anayeposa kwa watu asiowajua mpaka aulizie. Atatafutwa mtu anayeingia nyumba ile, atatembelewa, atanyweshwa maneno matamu. Akisifu, vyema. Akisema ubaya, huenda wakasema ana chuki zake. Lakini akiinamisha kichwa akasema Mungu ndiye ajuaye, basi hilo ni jibu tosha, na hakuna atakayemuuliza la pili. Nilikulia katika desturi hiyo na nilijua uzito wake.

Jumatano asubuhi Bi Salma, shangazi yake Nassir, akabisha hodi kwangu. Nikamkaribisha, nikamtilia kahawa. Tukazungumza habari za harusi za jirani, za buibui, za joto. Kisha akakiweka kikombe chini.

"Maimuna mwanangu, nasikia waingia kwa Fundi Bakari. Sisi watu wale hatuwajui asili yao. Ni watu wa namna gani?"

Nikaziona zile namba zilizofutwa. Nikaiona lakiri. Nikamkumbuka yule mwenzake wa Nairobi anayekuja bila kutajwa jina. Nikaikoroga kahawa yangu ambayo haikuwa hata na sukari.

"Mungu ndiye ajuaye, Bi Salma."

Akaniangalia. Akamaliza kahawa yake, akanisifia mapazia, akaaga. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona nimefanya wema. Nilijiona nimemwokoa kijana wa watu asiingie kwenye nyumba ya mwizi.

Ijumaa nilijitia nina shughuli, nikakaa mbali na Tononoka.

Jumatatu mwenzake Fundi akafika. Nilikwenda Kibarani na simu mkononi, namba ya polisi nimeshaiweka tayari, imebaki kubonyeza tu. Akatoka mzee mmoja wa bara, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, mkoba wa vyuma begani. Yeye na Fundi walikuwa wamefanya kazi pamoja uwanja wa ndege miaka mingi. Wakatuamuru mimi na watu wa filamu tukasimame nje ya mabati. Mimi nikachungulia kwenye tundu.

Wakaikata lakiri. Wakafungua skrubu moja moja, bila kusemezana. Wakatoa dude la chuma la mviringo, limechomekwa kijirisasi ubavuni, wakalilaza kwenye sanduku lenye mchanga kama mtu anavyomlaza mtoto aliyelala. Kisha wakatoa mtungi wa hewa ya kupumulia. Waliporidhika wakatuita.

"Hili ni la kuzimia moto," yule mzee wa bara akanieleza, "na hiki kidogo kina baruti, ndicho kinacholifungua. Hakishikwi na mtu asiye na kibali. Hapa ninayo barua ya kukipeleka kinakotakiwa. Na mtungi huu mngeukata kwa moto wa gesi, mama, tusingekuwa tunazungumza."

Nikamgeukia Fundi Bakari. "Na zile namba?"

"Ndege ikitolewa katika daftari la serikali, namba zafutwa na kibati chabanduliwa, mtu asije akavitia kwenye ndege nyingine." Akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na barua ya tajiri aliyekuwa mwenye ndege, kumwachia Fundi mwili wake kwa ajili ya miaka aliyomtunzia, pamoja na karatasi zote za serikali.

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini, dada? Kwamba Bakari, na ndevu zake hizi, ana baruti Kibarani? Habari ingalifika sokoni Marikiti kabla yangu. Polisi wangalikuja kunivunjia mlango, na ndani nna mtoto wa kike."

Nikamuuliza habari za wageni wa Ijumaa. Akasema hawakuja. Mwanasha alikuwa amepanga vikombe toka mchana, akakaa navyo hadi jioni, na yeye baba mtu hajui wamewakosea nini watu wale. Ndipo nikamwambia yote. Nilimwambia nikilia, na mzee wa bara akajitenga kando akajishughulisha na mkoba wake.

Fundi Bakari akaanza kulikunja turubai.

"Mimi nilinyamaza kukinga nyumba yangu," akasema. "Wewe, dada Maimuna, ulinyamaza kumkinga nani?"

Nilichukua tuktuk kutoka pale hadi kwa Bi Salma, nikaingia na viatu vyangu vya vumbi, nikamweleza barua, namba, baruti, kila kitu. Nikamwomba anirudishie neno langu. Alinisikiliza vizuri sana.

"Nirudishe neno gani, Maimuna? Wewe hukusema neno. Na Nassir tumeshamposea kwengine, na wameitikia."

Filamu ikapigwa. Ndege ikakatwa ubavu, kamera ikaingia, wageni wakanisifu mbele ya watu, na mimi sikusikia raha hata kidogo. Nilikwenda Tononoka kumwomba Mwanasha radhi. Alinitilia chai kama kawaida yake, akanisikiliza, akasema, "Nimekusamehe, dada. Lakini usije tena." Aliolewa baadaye, kwao Kwale, na nasikia ana watoto. Tukikutana njiani hunipa salamu kamili, ya heshima, na hasimami. Nina haya naye hadi leo.

Basi sikia, mwanangu. Sikukatazi kushuku, dunia ina wezi wake, na macho umepewa uyatumie. Ukimshuku mtu, nenda ukamuulize yeye, mbele ya uso wake, na ungoje jibu hata likichelewa. Na ukiulizwa habari zake na mwengine, sema ulichokiona, au sema wazi, "Sijui, na kutojua kwangu si aibu yake." Usiinamishe kichwa ukawaachia watu wajaze wenyewe. Mimi sikumsingizia Mwanasha jambo lolote, na bado ni mimi niliyemvunjia nyumba kabla hajaiingia.

Mungu akuongoze, akupe moyo wa kuuliza na subira ya kusikiliza. Na siku ambapo habari zako zitaulizwa nyuma ya mgongo wako, katika sebule usiyoijua, akujaalie aulizwe mtu atakayefungua kinywa.