Jini wa Kinu cha Bwana Khatib

Siku ya tatu ya kukwama chini ya ardhi, Jeilani aligundua jambo la ajabu. Watu wa juu walikuwa wanamsikia vizuri kabisa.

Na kila alivyozidi kuita, ndivyo walivyozidi kukimbia.

Msicheke. Huyu ni babu wa babu yangu, na kisa nimepewa na nyanya yangu, Bi Radhiya, ambaye hana mazoea ya kutia chumvi.

Mwaka ni 1911, Lamu, nyuma ya mtaa wa Wiyoni. Hapo palikuwa na safu ya vinu vya kukamulia mafuta ya simsim, vikizungushwa na ngamia. Utumwa ulipopigwa marufuku, wafanyakazi wakaondoka wote, vinu vikaachiwa popo. Kinu kikubwa kilikuwa cha Bwana Khatib, babake Jeilani.

Chini yake kulikuwa na handaki refu la mawe, ghala la mafuta. Mji mzima ulijua humo mna jini. Bwana Khatib mwenyewe ndiye aliyesema.

Jeilani, mtu mzima na mke wake, kiherehere kikampeleka kwenda kuona. Hakumuaga mtu. Ngazi ikaporomoka nyuma yake, mlango ukazibwa na mawe. Kilichobaki ni tundu la hewa darini, upana wa sahani, na maji machafu ya mvua kwenye pembe.

Watu wakapita. Akaita, "Nisaidieni, ni mimi, Jeilani wa Khatib."

"Mnasikia?" mmoja wao akasema. "Amelijua hata jina la aliyepotea."

Mbio.

Akafikiri, nisome Yasini, wajue mimi ni binadamu. Akasoma yote, koo likimkauka.

"Kumbe ni jini Muislamu," mzee mmoja akasema kwa heshima. "Basi tusimuudhi." Wakafukiza udi, wakaacha sahani ya halua hatua tatu kutoka kwenye tundu, wakaenda zao. Harufu ilimfikia. Alilia.

Hata mkewe, Umulkheir, aliletwa na mamake kumuuliza jini mumewe yuko wapi. Jeilani akamtajia alama iliyo begani mwake, ambayo haijui mtu ila mume. Umulkheir akazimia, akabebwa.

Siku ya tano, sauti nyingine.

"Sogea kulia, Bwana. Pale ni pakavu."

"Wewe hunikimbii?"

"Nikimbie nini? Mimi Barka, niliyekuwa naongoza ngamia wa baba yako. Nilifungiwa humo siku tisa."

"Kwa nini?"

"Nilichelewa kazini. Tulifungiwa wengi. Tukipiga kelele, baba yako akiwaambia wapitao ni jini."

Jeilani alikumbuka sauti alizozisikia utotoni. Aliona haya.

Barka alimteremshia maji kwa kifuu na kamba, kisha tende. "Mawe haya hayataki mtu mmoja," akasema. "Naenda kwa baba yako."

Alasiri Bwana Khatib akaja na wanaume wa mtaani.

"Bwana, waambie," Barka akasema. "Wewe wajua humu hamna jini."

"Baba, ni mimi," Jeilani akasema. "Nina ndaa, nataka kula. Nitoeni."

Alikuwa anamsikia baba yake akipumua. Kukubali kwamba humo mna mtu ni kukubali kwamba siku zote mlikuwa na watu.

"Audhubillahi," Bwana Khatib akasema. "Anaigiza sauti ya mwanangu. Twendeni."

Nyayo zikaondoka. Jeilani hakuita tena.

Barka alivuka bahari hadi Kililana, upande wa bara, akarudi na wenzake watatu waliowahi kufanya kazi kinuni. Siku ya sita walichimba tangu asubuhi hadi adhuhuri. Wote walijua jiwe lipi liguswe na lipi liachwe.

Wakambeba mpaka kwao. Bwana Khatib alimpokea mlangoni akilia, na Bi Radhiya anaapa kilio kilikuwa cha kweli. Kisha akawageukia watu.

"Dua zangu zimekubaliwa. Jini amemwachia."

Mbuzi akachinjwa, maulidi yakasomwa. Barka na wenzake walipakuliwa chakula chao nje.

Jeilani akajikaza, akasema mbele ya watu, "Hapana jini. Hapajawahi kuwa na jini. Muulizeni Barka."

Walimtazama kwa huruma. "Maskini, bado hajamtoka," wakanong'ona, wakamshika mikono, wakaanza kumsomea upya.

Aliyarudia maneno hayo mpaka anakufa. Hakuna aliyemsadiki.

Ukoo wetu unasifiwa hadi leo kwa dua kali. Watu wanatoka visiwa vya mbali, hata Mbwajumali, kuja kutolewa majini, na ami yangu anawapokea vizuri tu.

Mimi siwaambii majini hayapo, yametajwa kwenye Kitabu. Ila sauti ikikuita kutoka chini, teremsha maji kwanza. Dua utasoma akishakunywa.