Chumvi ya Ng'ombe Nisio Nao

Shule niliishia darasa la tatu. Kusoma nasoma, ila herufi kwa herufi, kama mtu anayechambua mchele. Ndiyo maana pakiti moja ya chumvi ilinichukua mchana mzima. Kulikuwa na maneno mawili yaliyonikwama: imeongezwa ayodini. Ayodini sikuijua. Imeongezwa niliijua vizuri. Nikajiuliza, chumvi ya Mungu imepungukiwa nini hata mtu aiongezee kitu, na huyo mtu ni nani.

Swali hilo halikunijia hivi hivi. Jumapili iliyotangulia, baada ya ibada hapa Kangemi, mama mmoja ninayeimba naye kwaya alinivuta kando penye viti vya plastiki.

"Wewe hushangai?" akaniuliza. "Wasichana wetu wanaolewa, wanakaa miaka, hakuna kitu. Sisi tulizaa huku tunapalilia mahindi. Kimebadilika nini? Ni chumvi. Wametia dawa ya kupanga uzazi."

Alijua anamwambia nani. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu mama yake afariki, alikuwa amepoteza mimba mbili. Ninaishi naye na mumewe katika vyumba viwili. Yeye hufanya kazi ya nyumba huko Loresho, mumewe ni bawabu Kitisuru na huja siku zake za mapumziko. Anayepika ni mimi. Chumvi ya nyumba ile imo mkononi mwangu.

Nikaenda sokoni kwa mwanamke anayeuza vyakula vya mifugo. Chumvi yake ilikuwa ndani ya gunia, mabonge mabonge, rangi ya majivu.

"Una ng'ombe wangapi, mama?"

"Wawili," nikasema. Sina ng'ombe. Kangemi ningemfuga wapi, juu ya bati?

"Basi usije ukaitia kwa sufuria. Hii ni ya ng'ombe tu, haijatiwa madini ya watu."

"Kwani ng'ombe hawazai?"

Alicheka hadi akashika kiuno. "Wewe mama utaniua." Akanipimia mkebe na kuniongezea konzi moja ya ukarimu.

Nyumbani niliisaga kwa jiwe, nikaimimina ndani ya mkebe wetu wa chumvi. Kila mjukuu wangu aliponunua pakiti, niliimwaga chooni, nikamwonyesha mkebe umejaa. Sikumwambia, kwa sababu angekataa. Watu waliosoma hukataa kitu kabla ya kukisikiliza, ndivyo nilivyofikiri. Mara moja aliuliza, "Kukhu, mbona chakula siku hizi kina uchungu kidogo?" Kukhu ndilo jina tunalomwita nyanya kwetu magharibi. Nikamwambia ni mboga za kiangazi.

Karibu miaka miwili ikapita hivyo, kisha mimba ikashika. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne ukapita, haikutoka. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu amejibu. Chumvi sikuitaja, lakini yule mwenzangu wa kwaya aliniangalia akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyelipwa.

Kisha mjukuu wangu akaanza kusikia baridi. Jua la Januari linachoma mabati, yeye amevaa sweta. Alisinzia akiwa ameshika kijiko. Uso wake ulivimba asubuhi, na shingo ikaanza kujaa. Majirani walisema amependeza, mimba imemkubali. Nami nilisema hivyo, tena kwa majivuno, maana nilijiona nina mkono katika uzuri huo.

Asubuhi moja aliinua kidevu ili afunge kitambaa cha kichwa, mwanga wa mlangoni ukampiga kooni. Nikaweka sufuria chini. Shingo ile nilikuwa nimeiona.

Huko milimani nilikozaliwa, dada mkubwa wa mama yangu alikuwa na rovu, uvimbe wa koo. Lilianza kama yai, mwisho likamlaza chali kwa sababu akilala ubavu alikosa pumzi. Hakuwa peke yake. Wenye rovu katika kijiji chetu naweza kuwataja mmoja mmoja, kutoka mtoni hadi kanisani, majina ya wote ninayo. Siwataji hapa kwa kuwa wana wajukuu. Kitindamimba wa huyo mama mkubwa hakusikia wala kusema, na alifika umri wa kuoa akiwa na kimo cha mtoto wa miaka saba. Tuliambiwa ni laana ya babu aliyemfukuza mgeni wakati wa njaa. Mbuzi alichinjwa, laana ikabaki palepale. Chumvi yetu siku hizo tuliichuja kutoka majivu ya maganda ya maharagwe, na hakuna aliyeiangalia chumvi kwa jicho baya.

Kliniki tulikwenda mjini kati, ghorofa ya pili. Sista alikuwa msichana mdogo mwenye mikono ya moto. Alisimama nyuma ya mjukuu wangu, akampapasa koo.

"Meza mate. Tena. Nyumbani mnatumia chumvi gani?"

"Ya pakiti, sista," mjukuu wangu akajibu.

Akasoma kadi penye mahali pa kazi. "Si ile ya rangi ya waridi? Maana nawajua nyinyi wa Loresho na Kitisuru. Tajiri ananunua mawe ya waridi kwa bei ya nyama, anaambiwa ndiyo chumvi safi. Safi kweli, haina kitu. Wanakuja hapa na shingo kama hii, gari kubwa iko chini."

Mjukuu wangu akacheka kidogo. "Loresho naenda kufua tu. Yetu ni ya duka. Muulize kukhu, yeye ndiye anapika."

Sista akanigeukia. "Shosho, ni ya pakiti?"

Nikasema, "Ndiyo."

Akaandika. Kisha, bila haraka, akatueleza kwamba koo linahitaji ayodini kidogo sana kila siku, na kwamba mtoto tumboni mwanzoni hana chake, ananyonya kwa mama. Mama akipungukiwa, ubongo wa mtoto unajengwa na upungufu huo. Mashamba mengi ya milimani mvua iliosha madini hayo zamani. Ndiyo sababu ikaamuliwa yatiwe kwenye chumvi. "Sukari kuna asiyekula, nyama kuna asiyeipata," alisema, "lakini chumvi inaingia kila nyumba."

Nilitazama ukuta. Damu ilitolewa, tukaambiwa turudi baada ya wiki. Tukivuka barabara kuelekea stendi mjukuu wangu aliuliza, "Kukhu, mbona unanifinya mkono?" Sikujua kama namfinya.

Siku ya kwanza nilitupa ile ya gunia, nikatia ya pakiti, nikajidanganya kwamba hilo limetosha. Siku ya pili sikula. Siku ya tatu alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya viazi, nikamwambia yote, kuanzia kwaya hadi ng'ombe wawili.

Hakuacha kumenya.

"Tangu lini?"

"Tangu ile mimba ya pili itoke."

"Na sista alipokuuliza?"

Niliokota ganda la kiazi lililoanguka sakafuni.

"Kukhu, ungenitukana ningesahau. Ungeniibia ningesahau." Akaosha kisu, akavaa viatu, akarudi kliniki peke yake.

Alikuja na vidonge. Alisema majibu ya damu yametoka mapema, yameonyesha koo limepungukiwa, na kwamba sista amesema wamechelewa kidogo. Kidogo hicho ni kiasi gani sista hakusema. Tangu siku hiyo alipika mwenyewe, hata akiwa amechoka namna gani, nami niliketi mikono mapajani kama mgeni.

Mtoto alizaliwa mvulana, mzima wa viungo. Walimchoma kisigino wakachukua damu, wakasema wakiona jambo watapiga simu. Tukamleta nyumbani.

Hakulia. Alilala, akanyonya kidogo, akalala. Rangi ya macho ilikuwa ya manjano, haikutaka kuondoka. Majirani walikuja na unga na sabuni, wakasifu. "Mtoto mpole hivi mlimtoa wapi? Wangu alinimaliza." Mama wa kwaya naye alikuja, akamshika, akasema, "Huyu ni malaika, hasumbui." Nilimnyang'anya mtoto mikononi mwake na sikueleza kwa nini.

Mjukuu wangu akiwa bafuni, nilimfinya mtoto wayo. Polepole kwanza, kisha kwa nguvu kuliko inavyofaa. Alikunja uso kama mzee, sauti nzito ikatoka mara moja, akalala tena. Nilifanya hivyo kila siku. Nilitaka anichukie, anipigie makelele.

Alhamisi nilikuwa nimeshika mguu huo huo simu ilipolia. Mjukuu wangu aliipokea na povu la sabuni mikononi. Alisikiliza. Akasema "sawa" mara tatu. Kisha akauona mguu vidoleni mwangu na alama nyekundu, akaelewa nilichokuwa nikifanya.

"Damu imeonyesha kitu," alisema. "Tumpeleke leo. Dawa ipo, lakini wanasema kila siku inayopita ina gharama yake kichwani mwake."

Niliinuka kutafuta leso.

"Wewe baki."

Nikaketi. Akamfunga mtoto mgongoni, akachukua kadi ya kliniki, akafika mlangoni akasimama hapo, mgongo ukiwa kwangu.

"Hapana, twende. Utamwambia daktari mwenyewe. Usiache hata neno moja."

Nikavaa viatu. Njia nzima hadi barabarani nilitembea nyuma yake, nikikitazama kichwa cha mtoto kikiyumba kwenye leso, na lori la mchanga likapita karibu yetu likipiga honi, na mtoto hakushtuka.