Mstari wa Mwisho wa Mpiga Nyundo

Mume wangu ni mpiga nyundo, lakini si wa kuvunja mawe. Anapiga bamba la chuma lililolazwa chini. Mtetemo unashuka, unagonga miamba huko ndani, unarudi. Vifaa vidogo vilivyochomekwa ardhini kwa mstari mrefu, wenyewe wanaviita masikio, vinaunasa, na kompyuta ya fundi inachora miamba ilivyolala. Kwa picha hiyo wenye mgodi wanajua njia yao ya chini waipitishe wapi.

Akiinua nyundo anaita, "Tulia!" na kila mtu anasimama alipo, maana hata hatua ya mtu masikio yanaisikia. Wito huo binti yetu kaugeuza mchezo. Baba yake akiinua mkono kuanika shati, yeye anaganda, mguu mmoja juu, mpaka nicheke.

Ila siku hizi mkono wenyewe hauinuki vizuri. Bega la kulia limekwisha. Nalikanda kwa maji ya moto, anauma meno, anasema si kitu. Mtoto akitaka abebwe, anamwambia, "Nenda kwa mama." Msimamizi alimwahidi kwamba mstari huu ukiisha, atahamia kwenye kutandaza nyaya za masikio.

Siku ya mstari huo wa mwisho nilimpelekea chakula, mtoto kalala mgongoni kwangu. Jirani yetu alikuwa anakatiza na ndoo ya maji kichwani.

"Tulia!"

Jirani akasimama. Nyundo ikabaki juu, inatetemeka.

"Shemeji, piga basi! Shingo inavunjika!"

"Ukisema unatikisika. Utatupa kazi ya kurudia!"

Watu wakajibana mbavu wasicheke. Nyundo ikashuka. Fundi, dada mmoja mpole, akatazama kioo cha kompyuta yake.

"Dhaifu, kaka. Rudia."

Akarudia. Akarudia tena. Mimi nikatazama chini.

Jua lilipopoa, mstari uliisha. Fundi alituita chini ya turubai. Kwenye kioo miamba ilionekana kama mashuka yaliyokunjwa, halafu katikati ikakatika.

"Hapa pamevunjika," alisema. "Na njia ya chini ilipangwa kupita hapa hapa. Pangewaangukia wachimbaji."

"Heri tumeona mapema," msimamizi akasema. Kisha akamgeukia mume wangu, macho yake yakiwa kwenye nyaya. "Itabidi tupime na upande wa pili, tujue ufa unaishia wapi. Mpigaji mwingine sina, ndugu yangu. Vumilia kidogo."

Mume wangu akakitazama kioo tena.

"Humo wangeshuka watu wangapi?"

"Zamu nzima."

"Haya," akasema, akaifuta nyundo kwa kanga yangu kuukuu.

Njiani mtoto akaamka. "Baba, beba!"

Nilitaka kumwambia baba kachoka. Mwenzangu akachuchumaa pale pale barabarani.

"Panda mwenyewe, mama. Mgongoni."

Akapanda, akang'ang'ania bega lile lile bovu. Baba yake akafumba macho.

"Tulia," mtoto akamwambia.

Akatulia kwanza. Ndipo akainuka, polepole, nami nikabeba nyundo.