Kizingiti cha Chimbo la Saba

Ukitaka kumjua fundi viatu huyu, mtazame mikono. Wa kulia una vinyweleo kama wa mtu yeyote. Wa kushoto ni laini kama wa mtoto mchanga. Huo ndio anaojaribia makali ya kisu. Kisu kikinyoa, kitakata ngozi. Kisiponyoa, hakigusi kiatu cha mtu.

Makali hayo aliyapata kwenye kinoo cha marehemu baba yake, jiwe la kijivu la kunolea lenye alama tatu za patasi ubavuni. Siku kilipomponyoka kikavunjika vipande vidogo visivyotosha kunolea, mzee wa watu alishika tama mpaka chai ikapoa. Mwanawe akamletea mashine ya umeme. Mashine ikaunguza kisu, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini mteja akarudisha kiatu: soli imekatwa shelabela. Hapo fundi akaogopa kweli. Bila jiwe lile alijiona si fundi tena, ni mtu tu mwenye kibanda na gundi.

Basi akaanza kusaka machimbo ya zamani. Aliwauliza waashi, akawauliza madereva wa malori waliostaafu, na kila Jumapili akampakia mkewe kwenye pikipiki, chupa ya maji, kisu butu na kipande kimoja cha kinoo mfukoni. Chimbo la kwanza lilikuwa limegeuka bwawa la bata. La pili limejengewa kituo cha mafuta. La tatu lilikuwa na mawe tele, lakini ya kujengea. Kila jiwe alilimwagia maji, akalinusa, akalisugulia kisu, akatikisa kichwa.

"Likiloa lisiponuka mvua, si lenyewe," alieleza.

"Baba watoto," mkewe akasema, "mimi ulinichunguza siku mbili ukanioa. Haya mawe una mwaka nayo."

Chimbo la saba lilikuwa vichaka vitupu na vipande visivyozidi ukucha. Jirani yake palikuwa na nyumba moja, na mjane mmoja mzee ameketi mlangoni. Akawakaribisha maji ya kunywa. Fundi, kwa uchovu, akamwaga kidogo kwenye kizingiti cha jiwe, na harufu ya mvua ikampanda puani. Adabu zote zikamruka. Alipiga magoti miguuni pa bibi wa watu akaanza kunoa.

"Mwanangu," yule mama akasema taratibu, "shikamoo huna, ila kisu unacho?"

"Shikamoo mama. Nisamehe, mama."

"Marahaba. Maliza basi."

Alipomaliza alitaka kujaribu, lakini mkono wa kushoto haukuwa na kitu cha kunyoa. Akakunja mkono wa kulia wa shati. Vinyweleo vikadondoka vyote, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini.

"Niuzie kizingiti hiki, mama. Nitakujengea kingine cha saruji, kipya."

Mjane aliinama, akafuta maji kwa ncha ya kanga. Kisha akamwonyesha ubavu wa jiwe: alama tatu za patasi. Fundi akachomoa kipande chake mfukoni. Zilikuwa zile zile, na miaka yote alidhani baba yake alizichonga ili vidole visiteleze.

"Za mume wangu hizo," mama akasema. "Moja yake, moja yangu, moja ya mtoto tuliyemngoja asije. Kizingiti hiki alikiweka siku aliyonileta hapa. Vinoo vyote aliuza, hakuniachia hata kimoja cha kushika."

Fundi hakutaja tena habari ya kununua. Alimwekea mama kile kipande kiganjani, akavikunja vidole vya mama juu yake.

Siku hizi kila Jumapili anaketi kizingitini pale na visu vya wiki nzima, mama akilimwagia jiwe maji na kumsuta anapokosea. Viatu havirudishwi. Mikono yote miwili ni laini sasa. Na mkewe, majirani wakimuuliza mzee yuko wapi, huwajibu bila wasiwasi: "Yuko mlangoni kwa mwanamke mwingine. Visu nimemfungia mwenyewe."