Kamati ya Kitabu Ambacho Hakijaisha

Kwetu Muleba kitabu hakianzi na sentensi. Kinaanza na kamati.

Nilikuwa nimeandika sura tatu tu za riwaya yangu ya kwanza baba aliponipigia simu kutoka Izigo. Ukoo umekaa, akaniambia, umeunda kamati ya uzinduzi, yeye ndiye mwenyekiti, na mgeni rasmi ameshapatikana. Wahenga walituonya tusishone mbeleko kabla mtoto hajazaliwa. Sisi tulishachagua hata kitenge cha sare, cha bluu chenye maua ya njano, na shangazi zangu wawili walikuwa wameshanuniana kwa sababu ya mshono.

Nisijifanye kwamba nilikasirika. Nilifurahi mno. Mimi ni mwalimu wa sekondari huko Nshamba, na sisi watu wa huku tunajulikana nchi nzima kwa kutangaza elimu yetu kabla hatujaulizwa. Wenzetu wanatuita Nshomile, yaani "nimesoma", wakidhani wanatutania. Sisi tunalipokea jina hilo kama nishani. Niliona kamati imechelewa.

Riwaya yenyewe ilimhusu mhandisi aliyesoma Ulaya akarudi Kagera kuleta maendeleo. Mhandisi huyo hakukosea jambo lolote. Hakupiga chafya. Akitaka maji ya kunywa alitoa hotuba kwanza, na wanakijiji walimpigia makofi kabla ya kumletea kikombe. Jua katika riwaya yangu lilichukua ukurasa na nusu kuchomoza, na katika sura ya pili lilichomoza mara mbili siku hiyo hiyo, kwa sababu nilisahau kwamba nilikuwa nimeshalichomoza. Niliyasoma hayo kwa sauti chumbani kwangu na machozi yakanilengalenga.

Nilipofika sura ya tano, kamati ilikutana sebuleni kwa baba, Jumamosi mchana. Baba ni mwalimu mkuu mstaafu na mzee wa kanisa la Kilutheri, kwa hiyo kikao kilifunguliwa kwa sala, mihtasari ikasomwa na kuthibitishwa, ndipo tukaingia kwenye fasihi. Baba alipendekeza sura moja iwe ya Kiingereza, "ili msomaji ajue aliyemwandikia si mtu wa hivi hivi." Shangazi mkubwa alitaka shahada yangu iandikwe kwenye jalada, tena juu ya jina. Mjomba aliomba mwizi wa sura ya tano ahamishiwe wilaya nyingine. Niliyafanya yote. Orodha ya watu wa kushukuriwa ikawa ndefu kuliko sura ya kwanza, na kusema kweli ndiyo iliyokuwa na watu hai zaidi. Mama alikuwa akiingia na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, anakipitisha kwa wajumbe, anarudi jikoni. Hakuna aliyemuuliza maoni, nami mwandishi nikiwamo.

Muswada ulipofika kurasa mia mbili nilipanda basi kwenda Bukoba kwa mama mmoja mwenye duka la vitabu. Ni Mwislamu, babu yake alihamia mjini hapo kutoka pwani, na ameuza vitabu vya shule tangu mimi nikiwa mwanafunzi. Nilitarajia aniulize atapata nakala ngapi. Aliufungua muswada akiwa amesimama kwenye kaunta, akasoma kurasa sita, akavua miwani.

"Mwalimu, huyu mhandisi wako haendi chooni?"

"Hii ni riwaya, mama."

"Ndiyo maana nauliza. Nimesoma kurasa sita, sijaona mtu."

Iliniuma. Nilitaka kumweleza kuhusu shahada yangu. Yeye alikuwa anafunua kurasa kama mtu anayechambua mchele, huku akiguna, mpaka akafika ukurasa wa arobaini na moja. Hapo akavuta kigoda, akakaa, akausoma. Akaurudia.

Ukurasa huo niliuandika kwa kujaza nafasi kati ya hotuba mbili. Mwanamke yuko jikoni anakaanga senene. Kwa asiyetujua: kwa desturi yetu ya zamani wanawake ndio waliokuwa wakiamka alfajiri kwenda kukamata senene, wale panzi wa msimu, majanini, wakawanyonyoa mabawa na miguu, wakawakaanga, wakamwekea mume bakuli mezani. Wao wenyewe walikuwa na mwiko wa kula. Mume akiridhika alimnunulia mkewe nguo. Katika ukurasa wangu mwanamke anageukia ukuta, anatia senene mmoja mdomoni, anatafuna polepole ili mume asisikie. Basi. Aya mbili tu, kisha mhandisi anaendelea na hotuba.

"Mfuate huyu mama," alisema mwenye duka. "Yule mhandisi mpandishe ndege arudi Ulaya."

Alinipa anwani ya mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam. Nikautuma muswada mzima na mhandisi wake, kwa sababu mimi si mtu wa kuambiwa mara moja. Baada ya miezi mingi jibu likaja, mistari mitatu. Riwaya hawaihitaji. Ila kama nitaandika kitabu kuhusu mwanamke wa ukurasa wa arobaini na moja, wangependa kukisoma.

Hapo ndipo nilipobanwa. Mwanamke huyo ni mama yangu. Nilimwona kwa macho yangu, na hakuna mtu mwingine aliyejua. Baba alikuwa amemsifu kanisani na ukweni, miaka nenda rudi, kama mke anayeheshimu mila na meza ya mumewe. Nikichapisha, mama anaumbuka mbele ya mzee wa kanisa ambaye pia ni mwenyekiti wangu. Nisipochapisha, nabaki na mhandisi na kitenge cha bluu. Tena kulikuwa na kishawishi: mchapaji wa kadi za harusi pale Bukoba alikuwa tayari kumchapa mhandisi kwa wiki mbili tu, na picha yangu nikiwa na suti nyuma ya jalada. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa natafuta tu mtu wa kunipigia.

Nilichagua njia ya mwoga. Niliuandika upya ule ukurasa, nikaupaka asali. Nikampa mwanamke machozi. Nikamtetemesha mikono kwa hofu. Nikamweka mtoto mdogo mpole dirishani, anamtazama mama yake kwa huruma, na moyo wake mchanga unapasuka. Nikaupeleka kwenye kamati kama mfano wa "mwelekeo mpya", nikitumaini kwamba uzuri utaficha ukweli.

Baba aliusoma mwenyewe, amesimama, kwa sauti ile ya kusomea matokeo ya mtihani. Alipomaliza aliweka karatasi mezani.

"Mwalimu, huyu mwanamke ni wa wapi?"

Nilisema ni wa kubuni.

"Afadhali. Maana kwetu hawapo wa namna hii."

Wajumbe wakaafiki mmoja baada ya mwingine. Mjomba alisema huenda wapo mjini. Shangazi mdogo alisema hata mjini ni mmoja mmoja. Shangazi mkubwa, ambaye nimemwona kwa macho yangu akilamba mwiko wa senene, alisikitika kwamba vijana wanatunga mambo ya kuwadhalilisha mama zao. Baba akamwambia katibu aandike kwamba ukurasa umeondolewa na mhandisi amerejeshwa.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake cha kahawa.

"Waitu," alimwambia baba, kwa neno lile lile la heshima la siku zote, kisha akaendelea kwa Kihaya. "Mwanamke huyo ni mimi."

Katibu, kwa mazoea, akaanza kuandika.

"Ila huyu mtoto ameandika uongo," mama akasema. "Ameandika mmoja. Mimi nilikuwa nakula robo ya sufuria. Wewe ulikuwa unauliza kwa nini senene wakikaangwa wanapungua, nami nakujibu kwamba ni moto."

Baba, mzee aliyezoea kusahihisha insha za wilaya nzima, alimgeukia katibu, akasema kwa unyonge, "Hilo usiliandike."

Mama akanigeukia mimi. Nilidhani anakuja kunishukuru au kunilaani, na vyote viwili nilikuwa nimeviandalia uso.

"Haya machozi umeyatoa wapi? Mimi sikulia. Sikuogopa pia. Niliamka alfajiri, nikalowa umande mpaka magotini, nikawakamata mimi, nikawanyonyoa mimi mpaka vidole vikachubuka. Nilikuwa na hasira. Andika hasira."

"Sawa, mama."

"Na huyu mtoto wa dirishani ni nani?"

Nilimjibu kwamba ni mimi.

"Wewe hukuwa dirishani, mwana wange. Ulikuwa mezani, umekaa karibu na baba yako kwa sababu wewe ni mvulana, anakuchotea kwenye bakuli lake. Uliniona nikila kwa kujificha kwa sababu ulikuja jikoni kuuliza kama wamebaki wengine."

Nilipata aibu ambayo sijawahi kuipata mbele ya darasa wala mbele ya mkaguzi. Ilikuwa kweli. Niliikumbuka hata ladha ya chumvi. Miaka yote hiyo nilimhurumia mama katika kichwa changu, nikajisifu kwa huruma yangu, na sikuwahi kuchukua senene mmoja kutoka kwenye lile bakuli nikampelekea.

Mama alipitisha kikapu. Kila mjumbe alichukua punje zake, baba naye akachukua, bila kumtazama. Kikao kilifungwa bila sala, na mpaka leo mwenyekiti hajaitisha kingine.

Mhandisi nimemwondoa. Hata mchapaji wa kadi za harusi amekata tamaa ya kunipigia simu. Ninaandika kitabu cha mama sasa, polepole, jioni nikishasahihisha madaftari, na mchapishaji wa Dar ameshasoma sura mbili akaomba ya tatu. Ukurasa ule nimeuanza upya mara nyingi kuliko nilivyomwandika mhandisi mzima. Kila nikianza, mkono unanivuta kumrudisha yule mtoto dirishani, kwa sababu pale anapendeza. Ninamshika, ninamkalisha mezani, ninamjaza senene mdomoni, kisha ninamwacha ainuke na bakuli tupu aende jikoni kuomba wengine.