Koti la Wanaume wa Mtaa wa Kiwanda

Jumatatu asubuhi nilikuwa nafungua duka langu la vifaa vya ujenzi pale Ekero, lile ambalo sichoki kuwatajia, nilipopata habari kwamba mpiga picha wetu wa Mumias ametutoka. Mola amrehemu. Nikakaa juu ya mfuko wa simiti, nikacheka. Msinihukumu. Nilikuwa nimelikumbuka koti.

Majuzi vijana wa mjini walitundika picha zake za tangu zamani kwenye ghala la kile kiwanda kilichokufa cha sukari nguru, mtaani tulikokuwa tunaishi sisi wakata miwa. Mimi shule niliiacha darasa la sita, lakini siku hiyo nilivaa kumshinda meneja wa benki, nikamchukua mke wangu akaione picha yangu ukutani. Ndiyo iliyotangulia kwao kabla wazee wangu hawajaenda kuposa: koti jeusi, vifungo vya dhahabu, mkono kiunoni. Baba yake aliitazama akasema huyu si mkata miwa wa kawaida. Na miaka yote mke wangu akiniuliza koti lile lilienda wapi, mimi humjibu kwamba lilinibana.

Picha yangu ilikuwapo. Kushoto, jirani yangu wa zamani, koti lilelile. Kulia, muuza mandazi, koti lilelile, limemfika magotini. Ukuta mzima hivyo. Mke wangu akatembea polepole hadi mwisho, akarudi.

"Baba Watoto, hili koti limeposa wangapi?"

Watu wakageuka. Heshima yangu yote nyumbani ilikuwa imening'inia kwenye vile vifungo. Mpiga picha mwenyewe, mzee sasa, alikuwa ameketi mlangoni na fimbo yake. Akatusalimia kwanza, akauliza hali ya watoto, ndipo akasema: "Koti ni langu, mama. Nimewavalisha wengi. Lakini hiyo shingo ya kuringa hakuiazima kwangu. Alikuja nayo."

Mke wangu akaniangalia shingo, akacheka mpaka akashika ukuta.

Siku hizi kila mtu anajipiga picha kwa simu, na hakuna wa kumwambia inua kidevu. Yeye alimpokea mtu ametoka shambani na masizi ya miwa iliyochomwa, akampa maji anawe uso, akamvalisha, akamwambia asimame kama mwenye mali. Wengine wetu tulisimama hivyo, hatujaketi tena.

Tulimzika Jumatatu ileile, alasiri. Jua lilikuwa kali, lakini wanaume wa ule ukuta tulikuja na makoti, kila mtu na lake. Langu sasa limetundikwa dukani, nyuma ya mlango. Kijana anayekwenda kuposa na aje alichukue. Kidevu atainua mwenyewe.