Nilimjibia Pindo

Pindo ndiye aliyekuwa akishona mashuka ya kijani ya chumba cha upasuaji, yale yenye tundu katikati. Cherehani yangu ilikuwa dirishani, yake ukutani, na kati yetu meza ya kukatia. Hicho ndicho chumba cha mashono cha hospitali, chini kabisa, nyuma ya chumba cha dobi. Jina la Pindo nilimpa mimi, maana mapindo yake hayakuwahi kurudishwa na mtu, na yangu yalirudishwa kila wiki. Tulitaniana hivyo miaka minne. Aliniita dada mkubwa, ingawa simzidi hata miaka mitano, na ukubwa huo niliupokea kwa mikono miwili.

Mtoto wake wa kwanza alikaa njiani siku mbili. Ilikuwa hospitali nyingine, mbali, kabla hajahamia kwetu. Wakamvuta kwa mashine, akatoka, akaishi saa moja. Siku aliponisimulia alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, na uzi uliingia mara ya kwanza. Nikajua huyu ameshalia akamaliza.

Kwa hiyo aliposhika mimba ya pili alisema jambo moja tu. "Safari hii wanipasue, dada mkubwa. Siku ipangwe, niingie kabla ya uchungu, mtoto akiwa mzima. Kusubiri siwezi tena."

Siku ya kwanza ya kliniki nilimsindikiza. Benchi limejaa, magoti yanagusana, na meza ya nesi iko hatua mbili mbele yetu. Nesi anauliza kwa sauti ya mnadani. "Uzazi uliopita ulikuwaje?" Pindo akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Nikaona shingo zinageuka. Nesi akasema, "Mficha uchi hazai, mama. Sema." Na mimi, mwenye mdomo usio na breki, nikaona nimsitiri mwenzangu. Nikajibu mimi.

"Kawaida tu, sista."

"Mtoto yuko wapi?"

"Alifariki baadaye. Homa."

Nesi akaandika kwenye kadi. Pindo akanitazama kwa shukrani. Shukrani, jamani. Hiyo ndiyo inayonila mpaka leo.

Mimba ilipofika miezi saba aliingia kwa daktari peke yake, akaomba. Daktari ni kijana mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nimejaribu kumchukia, nimeshindwa. Akafungua kadi, akasoma. Pindo akamweleza zile siku mbili, ile mashine, ile saa moja. Daktari akasema kadi haina hayo.

"Kila mama anaogopa," akamwambia. "Lakini kisu si njia ya mkato. Kina damu yake, kina vidonda vyake, na mimba za mbele zinapata taabu. Njia yako ilishafunguka mara moja, itafunguka tena."

Tena chumba cha upasuaji ni kimoja na wanaokingojea ni wengi. Pindo akarudi chini, akakaa, akashona mashuka sita.

Mara ya pili alikwenda na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima hayajazi kikombe. Shemeji alisema, "Daktari, tunaomba." Akarudia, "Tunaomba." Wakaambiwa walete barua kutoka hospitali ile ya zamani. Shemeji akafunga safari, siku nzima barabarani. Alikuta chumba cha mafaili kiliingiwa na mvua, na faili la mkewe halionekani.

Mara ya tatu nikaenda mimi. Nilivaa gauni langu la kuendea harusini, eti waniheshimu. Nikasema, "Daktari, aliyejibu siku ile ni mimi. Nilidanganya. Niliona haya kwa niaba yake."

Akafungua kadi tena. "Mama, mwanzo mlisema homa. Leo mnasema mashine. Nikiamini la leo, lile la mwanzo nilitupe wapi?"

Akaandika: ajaribu kwanza kujifungua mwenyewe, aangaliwe kwa karibu.

Pindo aliposoma hakulia. "Usijali, dada mkubwa," alisema. "Ulitaka kunisitiri." Heri angenitukana, ningejua pa kuanzia kuomba radhi.

Uchungu ulimwanza Jumatatu asubuhi, tukiwa kazini. Alimaliza pindo lililokuwa kwenye mashine, akakata uzi, akapanda wodini kwa miguu yake. Jumanne walisema njia inafunguka, ila polepole. Jumatano saa tano asubuhi mapigo ya moyo wa mtoto yakashuka, na ndipo watu wakaanza kukimbia. Wakampitisha mbele yetu, mimi na shemeji, kitanda kikigonga mlango. Mtoto alikuwa wa kiume, kilo tatu na nusu. Hakulia. Daktari alitoka mwenyewe kutuambia, kofia mkononi, na shemeji akamwitikia, "Haya."

Ijumaa mzigo wa dobi ulishuka. Shuka moja lilikuwa limechanika kwenye ukingo wa tundu, nikaletewa nilishone. Niligeuza pindo, nikauona mkono wa Pindo. Nililishona vibaya, kama ninavyoshona siku zote, na hakuna aliyelirudisha.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kumchukua. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa, kadi iko mapajani. Chini ya maandishi yote ya zamani daktari alikuwa ameongeza mstari kwa wino mwekundu: mimba ijayo, upasuaji wa kupangwa. Pindo akanipa kadi.

"Soma, dada mkubwa," akasema. "Wamekubali."

Nikaitia kadi kwenye mkoba wangu, nikamshika mkono, tukashuka ngazi moja moja kwa sababu ya mshono.